Marathoni kando ya ziwa: kwa nini majira ya Wazungu si majira yetu

Mwezi wa nne, katika Annecy, mji mdogo wa Ufaransa wenye ziwa, maelfu ya watu wanakimbia marathoni. Njia inafuata maji, inaenda mpaka upande wa pili wa ziwa na kurudi. Zürich katika Uswisi wanafanya vile vile mwezi uleule. Ndugu zetu walio Ulaya wanatuma picha: ziwa la buluu, milima nyuma, watu wenye namba kifuani na medali shingoni. Mtu anayeangalia picha hizo akiwa Lubumbashi, Kalemie, Goma ao Pweto anajiuliza swali moja: sisi wenye Tanganyika, Kivu, Mweru, Edward na Albert, tunashindwa nini?

Jibu fupi: hatushindwi. Lakini mtu akichukua kalenda ya Ulaya na kuileta hapa jinsi ilivyo, ataumiza watu. Huko wanakimbia wakati wa kuchipua kwa majani, ile majira wanafunzi wanaita printemps, kwa sababu baridi inaisha na joto halijafika bado. Lubumbashi iko kusini ya ikweta, zaidi kidogo ya digrii 11. Kama tungekuwa na printemps ingeangukia mwezi wa tisa na wa kumi, na mwezi wa kumi njo wenye joto kuliko yote katika Haut-Katanga. Mwezi wa nne nao, kwa miji ya kando ya ziwa Tanganyika, ni wakati maji yanakaribia kufika juu kabisa. Kwa hiyo printemps yao na printemps yetu, zote mbili hazifai.

Kilometa 42 na meta 195

Kwanza neno lenyewe. Hapa kwetu kila mbio ya barabarani inaitwa marathoni, hata ile ya kilometa 5 inayofanywa kwa siku ya wanawake ao kwa kampeni ya chanjo. Si vibaya, watu wanafahamiana. Lakini marathoni ya kweli ina urefu mmoja tu: kilometa 42 na meta 195. Urefu huo ulitumika katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka wa 1908, na mwaka wa 1921 shirikisho la dunia likaufanya kuwa sheria. Nusu yake ni kilometa 21 na meta 97 na nusu.

Mtu anayekimbia kilometa moja kwa dakika 6, bila kupunguza mwendo, anamaliza marathoni kwa saa 4 na dakika 13. Anayetumia dakika 7 anamaliza karibu na saa 5. Ni muhimu kukumbuka hesabu hiyo, kwa sababu watu wengi wa kawaida wako katikati ya hizo mbili. Bingwa anayemaliza kwa saa 2 na dakika 10 amekwisha kuoga wakati jua linaanza kuchoma. Mwalimu wa shule, muuguzi ao mfanyabiashara wa soko la Kenya atakuwa bado barabarani saa mbili na nusu baada ya huyo bingwa, na jua juu ya kichwa. Tarehe na saa ya kuanza zichaguliwe kwa ajili ya huyo wa nyuma, si kwa ajili ya bingwa.

Otsu, mji wa ziwa uliowapokea mabingwa wa Afrika ya mashariki

Mbio ya kando ya ziwa inayojulikana zaidi katika historia haikuwa ya Ulaya. Ilikuwa ya Otsu, mji wa Japani wenye wakaaji karibu 340,000, ulio kwenye pwani ya ziwa Biwa, ziwa kubwa kuliko yote ya inchi ile. Mbio yenyewe ilianza Osaka mwaka wa 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita, kisha ikahamia Otsu. Kwa miaka mingi ilikimbiwa mwanzo wa mwezi wa tatu, wakati baridi inaanza kuachia. Ilikuwa mbio ya wanaume peke yao, na ya watu wenye mbio kali: bila kuonyesha kwamba umekwisha kukimbia kwa muda fulani, hukuandikwa.

Mwaka wa 1965 alishinda Abebe Bikila wa Ethiopia, yule aliyepata medali ya dhahabu ya Roma mwaka wa 1960 bila viatu na tena ya Tokyo mwaka wa 1964. Mwaka wa 2007 alishinda Mtanzania, Samson Ramadhani. Mwaka wa 2009 alishinda Paul Tergat wa Kenya, ambaye alikuwa amewahi kushika rekodi ya dunia. Mwaka wa 2011 akaja Mkenya mwingine, Wilson Kipsang, akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 13. Mbio ya mwisho pale Otsu ilikuwa mwaka wa 2021, Mjapani Kengo Suzuki akakimbia saa 2, dakika 4 na sekunde 56, rekodi ya inchi yake wakati ule. Baada ya hapo mbio ikaunganishwa na marathoni ya Osaka.

Mwaka wa 1973 alishinda Mmarekani Frank Shorter, na ushindi wake unakumbukwa kwa kitu kingine: tumbo lilimshika katikati ya njia. Inasimuliwa kwamba alichukua kibendera cha mkononi kutoka kwa mtazamaji, akaingia pembeni, akakitumia kwa kazi ambayo kila mtu anaweza kuwaza, akarudi barabarani na kushinda. Watu wanacheka. Lakini mwenye kupanga mbio katika mji wetu na kusahau vyoo, asiseme hakuonywa.

Otsu inafundisha nini? Kwanza, mji mdogo unatosha. Mbio haihitaji jiji la milioni mbili kama Lubumbashi. Inahitaji barabara moja ndefu ambayo inaweza kufungwa saa sita bila mji kukwama, na pwani ya ziwa ni nzuri kwa hiyo kwa sababu upande mmoja hauna njia zinazoingia. Pili, njia ya kwenda na kurudi, mwanzo na mwisho mahali pamoja, inafanya kazi iwe rahisi: hopitali moja, meza moja ya kuandikisha, ambulansi zinazojua pa kwenda. Tatu, baridi. Watu hawakwenda Otsu kwa uzuri wa ziwa; walikwenda kwa sababu mwezi wa tatu pale kulikuwa hewa ya kukimbilia.

Karibu na sisi, Mwanza katika Tanzania, mji ulio kwenye ziwa Victoria, una mbio yake, Rock City Marathon, iliyoanza mwaka wa 2009 na kuitwa hivyo kwa sababu ya mawe makubwa ya mji ule. Kigali ina Marathoni ya Amani tangu mwaka wa 2005. Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, tangu mwaka wa 2003. Hizo zinawaleta wageni, zinajaza mahoteli. Kwa upande wetu wa mpaka, mbio zipo lakini nyingi zinafanywa mara moja na kusahauliwa.

Joto njo linaua, si kilometa

Misuli ya mtu anayekimbia inatumia karibu robo tu ya nguvu kwa kusukuma mwili. Robo tatu zinageuka joto, na joto hilo lazima litoke kwa jasho. Hewa ikiwa ya baridi na kavu, jasho linakauka na mwili unapoa. Hewa ikiwa ya moto, ao nzito kwa unyevu kama inavyokuwa kando ya maji, jasho linadondoka chini bila kupoza kitu. Joto la mwili linapanda kutoka 37 mpaka 39, na likipita 40 mtu anaanza kusema maneno yasiyo na maana, anayumba kama mlevi, anaanguka. Hapo si uchovu tena. Ni hatari ya kifo, na dakika zinahesabiwa.

Chicago wanalijua. Tarehe 7 mwezi wa kumi mwaka wa 2007 joto lilipita digrii 30, maji yakawaishia katika vituo fulani, na wapangaji wakasimamisha mbio watu wakiwa bado barabarani. Na ule ni mji tajiri, nao uko kando ya ziwa, ziwa Michigan. Mwaka wa 2019, Doha katika Qatar, wapangaji wa mashindano ya dunia walifikiri wataepa joto kwa kuanza marathoni ya wanawake karibu na saa sita ya usiku. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa, joto karibu digrii 32 hata usiku, na hewa nzito. Wanawake 68 walianza, 40 tu wakamaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2 na dakika 32, zaidi ya robo saa juu ya mwendo wake wa kawaida. Kama wataalamu wale waliangushwa na joto, mkimbiaji wa Jumapili wa Katuba atafanya nini?

Sasa tuangalie kalenda yetu. Katika Lubumbashi mvua inaanza sana mwezi wa kumi na moja na kuendelea mpaka wa tatu ao wa nne. Mwezi wa tano hewa inakauka. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi joto linaweza kushuka chini ya digrii 10, mchana linakuwa karibu 25. Mwezi wa nane linaanza kupanda, upepo na mavumbi vinaingia. Mwezi wa tisa watu wanachoma majani na moshi unafunika mji. Mwezi wa kumi mchana unapita digrii 30. Mwenye macho anaona mwenyewe: mwezi wa sita na wa saba njo printemps ya mkimbiaji wa Katanga. Jua linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu, mbio ikianza wakati uleule, hata mtu wa saa 5 anamaliza kabla ya saa sita ya mchana bila kuungua.

Kwa Kalemie mambo ni tofauti kidogo. Ziwa Tanganyika liko kwenye meta 770 hivi juu ya bahari, Lubumbashi iko kwenye 1,200 hivi. Mtu wa Lubumbashi akishuka Kalemie atapata hewa yenye oksijeni zaidi, atajisikia mwepesi kilometa za kwanza, atafurahi, ataongeza mwendo. Halafu joto litamkamata, kwa sababu pale ni moto zaidi hata wakati wa kiangazi. Mwili unahitaji siku 10 mpaka 14 kwa kuzoea joto. Asiyeweza kufika mapema apunguze mwendo tangu mwanzo, si tangu anapochoka.

Kivu ni kinyume: ziwa liko kwenye meta 1,460, hewa ni ya baridi, lakini pwani zake si tambarare. Kati ya Bukavu na Kalehe njia inapanda na kushuka mpaka magoti yanalia.

Ziwa lenyewe lina tabia zake

Mtu anayetoka bara anafikiri ziwa ni mapambo tu. Hapana. Usiku inchi kavu inapoa haraka kuliko maji, na upepo mdogo unatoka inchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda mambo yanageuka: ardhi inapata moto, na upepo unaanza kutoka ziwani kuja pwani, kwa kawaida kuelekea katikati ya asubuhi. Mkimbiaji anayeanza alfajiri anakuta hewa tulivu, anayechelewa anakuta upepo. Juu ya Tanganyika, wakati wa kiangazi, kuna tena upepo mkubwa wa kusini unaofuata urefu wa ziwa. Wavuvi wanaujua vizuri. Njia ya kwenda na kurudi Kalemie ingefaa ianze kwa kuelekea kusini, uso kwa upepo wakati miguu ina nguvu, na kurudi upepo ukiwa mgongoni.

Maji yanapanda pia. Ziwa Tanganyika linajaa mwishoni mwa mvua, linafika juu karibu na mwezi wa tano. Mwaka wa 2024 lilipanda mpaka maji yakaingia katika nyumba Kalemie na Uvira, watu wakahama. Mbio iliyopangwa mwezi wa nne kwa kuiga Annecy ingekuta barabara yake ndani ya maji, na familia zenye shida nyingine kabisa kuliko kupiga makofi.

Kwa ziwa Kivu kuna hatari ambayo vitabu vya mbio vya Ulaya haviandiki: mazuku. Ni gesi, kabonidioksidi, inayotoka chini ya ardhi ya volkano katika sehemu fulani za Goma na kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala katika mabonde na mashimo, na alfajiri, kabla upepo haujaamka, ndipo inakuwa nyingi. Kuku na mbuzi wanakufa humo, na watu pia. Haina harufu ya kumwonya mtu. Anayefanya futingi kabla ya jua upande ule asikate njia kupitia mashimo yaliyowekwa alama, na asiiname kufunga kamba za viatu mahali pa chini asipopajua.

Kirotshe

Upande uleule wa Kivu, katika territoire ya Masisi, kuna Kirotshe. Makorobondo Salukombo ni mtoto wa hapo. Familia yake ilikimbia vita, ikafika Marekani, na huko akawa mkimbiaji wa chuo kikuu. Angeweza kubaki kimya. Alirudi Kirotshe na kuanza kufundisha vijana kukimbia na kusoma, na mwaka wa 2016 alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio akivaa rangi za Kongo. Katika michezo ileile Beatrice Kamuchanga aliwakilisha Kongo katika meta 5,000. Kabla yao, katika London 2012, Ilunga Mande Zatara alikimbia marathoni kwa ajili ya inchi hii. Majina hayo watoto wengi wa shule hawayajui, wakati wanajua wachezaji wote wa Mazembe na namba zao.

Barabara ya Goma, Sake, Kirotshe mpaka Minova inafuata ziwa, na kwa macho ya mkimbiaji ni kama ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 2025 vita vilifika huko, M23 ikachukua Minova, kisha Goma. Watu waliopita barabara ile kwa miguu wakati huo walibeba magodoro, si namba kifuani. Amani ni sharti la kwanza la mbio yoyote ya barabara, kabla ya fedha na kabla ya viatu.

Kujitayarisha ukiwa Lubumbashi

Tuseme mtu anataka kukimbia kilometa 42 katikati ya mwezi wa saba. Anahesabu wiki 16 mpaka 18 nyuma, anakuta katikati ya mwezi wa tatu. Mvua inakaribia kuisha. Ni wakati mzuri, kwa sababu kilometa ndefu zitaangukia mwezi wa tano na wa sita, wakati wa baridi.

Sharti: mtu huyo awe tayari anakimbia, angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa, na anaweza kufika kilometa 10 bila kulia. Anayetoka sifuri asikimbilie 42. Mwaka wa kwanza afanye 10, halafu 21. Kuna wanaume wengi wa miaka 40 wanaoona aibu kukimbia nusu. Wanaingia mbio nzima kwa ubishi na kumaliza katika ambulansi. Mwenye presha, sukari, ao maumivu ya kifua akipanda ngazi, aone munganga kwanza. Anayeumwa malaria asikimbie, hata kama homa imeshuka jana.

Wiki ya kawaida ina siku nne za kukimbia. Mbili za polepole, dakika 40 mpaka saa moja, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake. Moja ya haraka kidogo. Na moja ndefu, Jumamosi ao Jumapili: kuanza kilometa 12, kuongeza mbili mbili, wiki ya nne kupunguza kwa kupumzika, mpaka kufika 30 ao 32. Haifai kukimbia 42 nzima katika mazoezi. Inavunja mwili na haileti faida. Wiki tatu za mwisho unapunguza. Hapo watu wengi wanaharibu, wanaogopa kwamba nguvu zitapotea, wanaongeza badala ya kupunguza.

Wapi? Ziwa dogo la upande wa Golf, karibu na hoteli Karavia, lina hewa na kivuli, lakini kwa kilometa ndefu utazunguka mpaka kichwa kizunguke pia. Barabara ya Kipushi ni ndefu ya kutosha, kilometa 30 hivi mpaka mji wenyewe. Barabara ya Kasumbalesa iachwe kwa malori. Popote unapokimbia, magari yetu yanapita kuume, kwa hiyo mkimbiaji ashike upande wa kushoto, aone gari linalokuja uso kwa uso. Nguo nyeupe ao ya rangi kali. Kabla jua halijatoka, watu wawili ni bora kuliko mmoja, na kwa wanawake wengi kundi njo kitu kinachoruhusu mazoezi yenyewe. Bila kundi wanabaki nyumbani. Mpanga mbio anayelalamika kwamba wanawake hawaji aanzie hapo.

Viatu: vya soko la caoutchouc iliyotumika vinaweza kufaa, kama soli haijafa. Bonyeza katikati kwa kidole. Kama ni ngumu kama ubao, acha. Kiatu kipya kabisa hakivaliwi siku ya mbio. Kivaliwe kilometa mia kwanza.

Maji, chumvi na bukari

Mwili unaweka nguvu za sukari katika misuli na ini, na akiba hiyo inatosha kilometa 30 hivi. Ikiisha, miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Wakimbiaji wote wanaijua hiyo kilometa ya 30 na kitu. Dawa ni mbili: kuanza polepole ili akiba idumu, na kula kitu cha sukari njiani tangu saa ya kwanza. Siku mbili ao tatu kabla, kula zaidi bukari, wali, viazi vitamu, ndizi. Punguza mafuta na sombe nyingi, kwa sababu ya ile hadithi ya Frank Shorter. Asubuhi ya mbio, mkate na chai ya sukari saa mbili ao tatu kabla.

Kuhusu maji kuna kosa mbili, na watu wanajua moja tu. Kukosa maji ni mbaya. Kunywa kupita kiasi ni mbaya pia: chumvi ya damu inapungua, kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, na anaweza kufa. Baada ya marathoni ya Boston ya mwaka wa 2002, wachunguzi walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta 13 kwa mia wana chumvi ndogo kupita kiasi. Wengi wao walikuwa wa polepole, waliokunywa katika kila kituo. Kwa hiyo kunywa kufuatana na kiu, na kwa mbio ya zaidi ya saa 3 changanya na chumvi na sukari. Ile maji ya chumvi na sukari ambayo mama anampa mtoto mwenye kuhara, akiipima vizuri, inafanya kazi kwa mkimbiaji pia.

Kwa wanaopanga

Vituo vya maji kila kilometa 5, na siku ya jua hata kila mbili na nusu. Maji yawe salama; katika maeneo yenye kolera, ndoo moja yenye kikombe kimoja cha watu wote ni njia ya kugawa ugonjwa. Njia ipimwe kwa baiskeli iliyorekebishwa, siyo kwa kilometa za moto ao za simu, kwa sababu simu inadanganya. Wapimaji wa kweli wanaongeza meta moja kwa kila kilometa ili njia isiwe fupi hata kidogo; marathoni nzima inapata meta 42 za ziada. Bila kipimo hicho, muda wa kijana aliyekimbia vizuri hautambuliwi popote, na kazi yake inapotea. Meya, polisi ya rulaji, ligi ya atletisme ya jimbo na Croix-Rouge wajulishwe mapema, si wiki ileile.

Mtu akianguka kwa joto, amri ni moja: kumpoza hapo hapo, kabla ya kumpakia. Kivuli, kuvua nguo, maji mengi ya baridi juu ya mwili mzima, beseni kubwa kama ipo. Kumfunga katika gari la moto na kukimbia naye hopitali kwa dakika 40 ni kumpoteza.

Na baada ya mstari wa mwisho, mkimbiaji asikae chini mara moja. Atembee dakika kumi, anywe kidogo kidogo, avae kitu cha kukauka. Ziwa litakuwa pale mbele yake, baridi, zuri, na miguu inawaka. Asiingie. Pwani za Tanganyika na Mweru zina kichocho mahali penye majani na konokono. Aliyekwisha kuingia apimwe mkojo na choo baada ya wiki sita mpaka nane. Dawa yake, prazikwanteli, ipo katika vituo vingi vya afya, na inamezwa kufuatana na kilo za mtu.